Alama za Verediane

Gisenyi, 18 Januari 1998

Mdogo wangu Rutayisire,

Salamu zako za Krismasi zimenifikia juzi, nazo nimezipokea kwa mikono miwili. Sisi hapa tu wazima. Mama anakula, analalamika, anakula tena. Anasema maharage ya Karagwe yalikuwa na ladha na haya ya hapa ni kokoto tupu, lakini sahani yake inarudi jikoni imepanguswa. Shemeji yako Karangwa yuko Rubona, ziwani, na injini zake za boti. Akirudi jioni hata mapazia yananuka dizeli. Watoto wameanza muhula bila machozi.

Sasa kaa chini, maana nina habari. Mimi dada yako, niliyeishia darasa la saba, nimerudi shule.

Ofisini kwetu wametuambia kompyuta zinakuja mwaka huu. Sisi wapigachapa tuko watatu, na atakayebaki ni mwenye cheti cha kuzitumia. Wenzangu wawili wamecheka, wakasema ni afadhali wauze vitenge Goma. Mimi sikucheka. Nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja kujiandikisha kwenye chuo kimoja hapa mjini. Somo linaitwa Teknolojia Mpya. Tunasoma jioni. Kompyuta ziko sita, zinazowaka ni nne, na jenereta ikikohoa zote zinazimika pamoja.

Mwalimu wetu anaitwa Mugisha, kijana aliyekulia Uganda. Anafundisha kwa Kiingereza, na akiona tumemkodolea macho anahamia Kinyarwanda. Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote, yeye akiwemo. Siku ya kwanza nilipoingia walisimama, wakidhani ni mkaguzi.

Kuna kazi tatu za nyumbani, kila moja ina alama ishirini. Mwisho kuna mradi wa alama arobaini, ambao mtu anautetea mbele ya darasa. Asiyefikisha hamsini katika mia hapati cheti. Kazi ya kwanza nimekwisha kuiwasilisha. Alama tutaona.

Posta siku hizi inachukua muda, usihesabu wiki.

Dada yako,
Verediane


Bukoba, 22 Februari 1998

Dada, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama palepale posta, halafu nikaisoma nyumbani kwa sauti. Wifi yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amejifungua. Watoto wote salama, isipokuwa mdogo ana surua, lakini anaendelea vizuri.

Dada, unakumbuka taipureta ya misheni? Mimi nilikuwa nalala, nikishtuka naisikia bado inagonga. Sare zangu zote zilitoka kwenye vidole vyako. Kwa hiyo usinieleze habari ya shule kama mtu anayeomba radhi kwa umri wake. Nimewaambia walimu wenzangu wote, na mkuu wa shule naye anakusalimu.

Ila swali moja. Mwalimu gani huyo anakaa na kazi ya kwanza bila kurudisha alama? Hata mimi, na unajua nilivyo mvivu wa kusahihisha, narudisha ndani ya wiki mbili. Umepata ngapi?

Na la pili. Redio inataja kaskazini-magharibi ya Rwanda karibu kila siku. Barua yako ina Mama, ina maharage, ina dizeli, na hilo haina. Kukoje huko?

Mdogo wako,
Rutayisire


Gisenyi, 3 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Pole kwa surua ya mtoto. Mama anasema mumkinge na upepo, na mimi naandika alivyosema ili nisisumbuliwe. Karangwa anakohoa kidogo. Juma lijalo ni la maombolezo ya mwaka wa 94, sitaandika kitu, ndiyo maana naandika leo.

Haya, alama. Zilikuwa zimekwisha kutoka hata kabla sijakuandikia mara ya kwanza. Nne.

Nne kati ya ishirini, ndugu yangu. Swali lilikuwa la Kiingereza: eleza «netiwaki» na faida yake kwa jamii. Nikachukua ile kamusi yako ya zamani, neno zima sikuliona, nikaona kipande chake cha kwanza, na maana yake wavu. Nikasema hili nalijua. Nikaandika kurasa mbili nzima juu ya wavuvi wa Rubona: jinsi wanavyotega usiku kwa taa, ukubwa wa matundu ya wavu wa sambaza, vile visamaki vya Kivu, na kwa nini mtu mmoja hawezi kuuvuta peke yake.

Mwalimu Mugisha aliniita baada ya kipindi.

«Mama Verediane,» akasema, «kazi yako ni nzuri sana. Lakini ni ya samaki.»

«Kwani swali lilikuwa la nini?»

«La kompyuta zilizounganishwa.»

Nikamuuliza hizo alama nne ni za nini basi. Akasema ni za mwandiko, na za pale nilipoeleza watu wengi kushika kamba moja, maana pale nilikaribia. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jenereta, ambako hakuna anayeweza kukusikia ukilia, wala ukicheka. Sikujua ninafanya lipi.

Tangu siku hiyo nina msaada. Kuna msichana darasani anaitwa Connie, amekulia Kampala. Ananisomea swali kwa Kinyarwanda kabla sijashika kalamu, na mimi namfundisha kupiga chapa bila kuangalia vidole. Majibu ni yangu. Kazi ya pili ilikuwa ya i-meli, barua zinazopita kwenye waya wa simu. Hapa mjini bado hatujaiona. Mwalimu aliichora ubaoni, sanduku hili na sanduku lile, na mshale katikati. Nimepata tisa.

Darasa limehamishwa. Sasa tunasoma saa nane mchana, kwa sababu ya giza. Ofisi imenipa ruhusa.

Sisi tunalala, tunaamka. Usiwe na wasiwasi.

Verediane


Bukoba, 10 Mei 1998

Shikamoo dada.

Mtoto amepona, anavunja vikombe. Wifi yako anasalimu, na anataka nikwambie kwamba nilicheka ile habari ya wavu mpaka nikakaa sakafuni. Kisha nikaacha kucheka. Nimesahihisha karatasi kwa miaka kumi na mitano, na sijui kama kuna hata mmoja niliyempa nne akarudi kesho yake kukaa dawati la mbele. Wewe umerudi.

Nimepiga hesabu kama mwalimu. Una kumi na tatu. Hata ukipata kumi na mbili kazi ya tatu, mradi utakudai ishirini na tano katika arobaini, na mradi ndio mgumu kuliko yote. Kwa hiyo nimekaa wiki mbili nikakuandikia. Umo ndani ya bahasha hii: kurasa kumi, Kiingereza safi, juu ya umeme wa jua vijijini. Uandike upya kwa mkono wako, utie jina lako, na huyo Mugisha atakupa thelathini na tano bila kupenda. Hakuna atakayejua. Ulinisomesha, dada. Hili ni dogo.

Na nieleze, giza la Gisenyi limeanza lini kuingia saa nane mchana?

Rutayisire


Gisenyi, 28 Juni 1998

Mdogo wangu,

Bahasha imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena, lakini kurasa zote zimo. Mama amelala malaria wiki moja, sasa ameinuka na ameanza kugombana na maharage, kwa hiyo ujue amepona. Binti yangu amekuwa wa pili darasani kwake.

Kazi ya tatu, ya simu za mkononi, nimepata kumi na mbili. Jumla yangu ni ishirini na tano.

Lakini sikiliza kilichotokea. Mwalimu huwa anatuonyesha kazi zilizosahihishwa, kisha anazikusanya tena ziwekwe kwenye faili la chuo. Mwanzoni mwa mwezi huu alizibeba zote kwenda Kigali akajumlishe, pamoja na kitabu chake cha alama. Begi lake likapotea njiani. Tulikaa wiki tatu bila mwalimu. Aliporudi alisimama mbele yetu akaandika ubaoni, kwa mkono wa kushoto, maneno yameinama kama majani: *Sina alama zenu.*

Akasema chuo kinamtaka aturudishe mwanzo, kazi zote tatu upya. «Mimi nimekataa,» akasema. «Mmefika hapa kwa shida, na kila mtu anajua shida yake. Kila mmoja ataniambia alipata ngapi, na mimi nitaandika atakachosema. Sitauliza mara mbili.»

Kwenye kibaraza watu walisongamana. Mbonigaba, mwenzetu wa darasani anayepitisha mizigo mpakani, akanivuta pembeni. Unajua watu wa huku wanavyosema.

«Bon, mama. Mi nitasema kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. We sema kumi na tano mara tatu, inatosha. Nani iko na preuve?»

«Ushahidi hakuna,» nikamwambia.

«Donc unaogopa nini?»

Nilikuwa naogopa, ni kweli. Niliogopa kurudi kulima Cyanzarwe kwenye shamba la mawe la baba mkwe wangu na umri huu. Zamu yangu ilipofika niliingia, mwalimu akashika kalamu bila kuniangalia usoni.

«Nne,» nikasema. «Tisa. Kumi na mbili.»

Akaandika. Akasema asante, mwambie anayefuata aingie.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na sikusikia uchovu. Kurasa zako nimezisoma zote, Connie akinitafsiria. Ni nzuri mno. Nimezirudisha kwenye bahasha yake. Usikasirike, Rutayisire. Nikisimama mbele ya watu wale wakaniuliza neno moja la umeme wa jua, nitamjibu nini mtu, kwamba mdogo wangu wa Bukoba ndiye anayejua?

Verediane


Bukoba, 2 Agosti 1998

Dada, shikamoo.

Nimekasirika. Ulisema nisikasirike, lakini nimekasirika. Mtu anakufungulia mlango, mwalimu mwenyewe anaushikilia, na wewe unasema nne! Ungesema hata kumi tu, nani angeumia? Kazi ni yako, watoto ni wako, na Mbonigaba atapata cheti kabla yako.

Tena begi halipotei wiki tatu. Wala mwalimu aliyekuwa anaandika kwa mkono wa kulia haamki asubuhi akaandika kwa wa kushoto. Unadhani sisomi unachokiruka? Mchukue Mama, watoto na shemeji, mje Bukoba. Chumba kipo.

R.


Gisenyi, 27 Septemba 1998

Mdogo wangu mpenzi,

Nimechelewa kukujibu, na kuhusu vita vya Goma, hapo ng'ambo ya mpaka, redio imekwisha kukueleza. Mama anakusalimu, Karangwa anakusalimu. Sote tupo.

Umeuliza, nami nitakujibu mara moja tu. Gari alilopanda mwalimu Mugisha lilishambuliwa njiani na kuchomwa moto, na begi likiwa ndani. Yeye alipigwa risasi ya mkono wa kulia. Wanafunzi wawili wa darasa letu walikuwa kwenye gari hilohilo, Munyaneza na dada mmoja wa Nyundo anayeitwa Mukeshimana. Hawakurudi. Viti vyao hakuna anayevikalia, na hakuna aliyetuambia tusivikalie. Ndiyo hivyo. Usiniulize tena.

Na kuja Bukoba, hapana. Tuliishi huko miaka thelathini na zaidi, wakatutunza vizuri, na kila Pasaka Mama alikuwa anasema tutarudi. Sasa tumerudi. Siwezi kumwambia afunge tena mizigo.

Sasa mradi. Nilimuuliza mwalimu niandike kwa lugha gani. Kiingereza sina. Kifaransa nakipiga chapa kila siku bila kukielewa. Kinyarwanda changu cha kuandika kina makosa ya mtu wa Karagwe. Akanijibu, «Andika kwa lugha utakayoweza kuitetea.» Nikaandika Kiswahili.

Niliandika juu ya foleni yetu. Kila asubuhi ofisini kwetu wanapanga foleni watu waliopoteza karatasi zao: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha shule. Nawapigia hati mpya, kila mmoja kutoka mwanzo. Yupo mama mmoja mjane nimempigia hati ileile mara tatu, kwa sababu kila ikifika ofisi ya juu inapotea, naye anaanza upya kueleza kifo cha mumewe kwa mtu mwingine. Nikaeleza kwamba kompyuta ingelishika jina lake mara moja, na yule mama asingelazimika kusimulia tena. Ndio mradi wenyewe.

Siku yangu ilipofika nilivaa kile kitenge ulichonitumia. Walikuwapo mwalimu Mugisha na walimu wengine wawili. Nilieleza vizuri, nadhani. Kisha Mugisha akauliza:

«Mama Verediane, mashine ikishajua majina ya watu wote, kuna hatari gani?»

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilimwona Connie akiinamisha uso. Halafu nikasema yaliyokuja.

«Mashine itatoa inachoulizwa, na haitajali anayeuliza anataka kufanya nini. Kwa hiyo kabla mtu hajaandika kitu humo, ajiulize: hii ikiangukia mikononi mwa mbaya, itafanya kazi gani? Jina, sawa. Mahali pa kuzaliwa, sawa. Lakini ile safu moja iliyokuwa kwenye vitambulisho vya zamani, isiwemo. Hata nafasi yake isiachwe wazi, maana nafasi iliyo wazi inaomba kujazwa.»

Sikutaja safu gani. Hakukuwa na mtu mle ndani wa kutajiwa. Nyuma kabisa Mbonigaba akasema polepole, «Ni kweli, mama.»

Usidhani nilitoka nimebebwa juu. Mwalimu wa pili aliniuliza tofauti ya disketi na memori, nikachanganya vibaya, akanikata alama palepale. Akaniuliza printa, nikachanganya tena. Lakini jana matokeo yamebandikwa. Mradi, ishirini na nane. Jumla, hamsini na tatu.

Nimepita, Rutayisire. Kwa zangu.

Dada yako,
Verediane


Bukoba, 1 Novemba 1998

Dada yangu, shikamoo, na shikamoo tena.

Barua yako niliipata kabla ya kipindi cha mwisho. Nilishindwa kufundisha. Niliwaambia watoto wasome kimya, nikaenda kusimama uwanjani kama mtu anayesubiri mvua. Nilikuwa nafikiria wale wawili. Kisha nilikuwa nafikiria safu ile ya kabila kwenye kitambulisho cha baba, jinsi alivyoikunja kadi ili isionekane. Mimi nilikuwa mdogo, sikujua kama wewe uliona.

Mimi mwalimu nilikwambia useme uongo. Nilikuandikia kwa mkono huu huu ninaosahihishia. Siombi unijibu hilo.

Wiki hii nilikuwa na karatasi za kidato cha pili, na kuna mvulana aliyepata hamsini na tatu. Zamani ningeandika «jitahidi». Nilikaa na karatasi yake dakika nyingi, sikuandika kitu, nikamwita nikampa mkono. Alidhani nimeugua.

Wifi yako anauliza: Mbonigaba alipata ngapi? Na mimi nataka kujua, sifichi.

Mdogo wako anayejivunia,
Rutayisire


Gisenyi, 13 Desemba 1998

Mdogo wangu,

Nawatakia Krismasi njema wewe, wifi na hao wavunja vikombe. Hapa mwezi huu kumetulia, tumeanza hata kutembea jioni. Karangwa amepata boti mpya za kutengeneza. Kompyuta imefika ofisini, imewekwa karibu na dirisha, na kiti ni changu.

Mbonigaba alipata sabini na moja. Najua kwa sababu nilimpigia chapa mimi mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mkono wa mwalimu Mugisha haujapona sawasawa, vidole viwili havikunjiki. Vyeti vilikuwa vinangoja kuchapwa, na chuoni hapakuwa na mpigachapa. Jumamosi akaniomba. Akanipa orodha yenye majina na alama, akawasha mashine, akaenda kunywa chai.

Nilikuwa peke yangu na majina ya darasa zima. Nilipofika kwa Mbonigaba nikaandika sabini na moja, kama ilivyoandikwa. Ni mtu mwema, ana watoto sita, na siku ya mradi wangu alisema neno ambalo wengine hawakusema. Nilipofika kwangu nikaandika hamsini na tatu. Nikaliangalia jina langu kwenye kioo kile kwa muda. Sijawahi kuliona likiwaka.

Mwishoni mwa orodha kulikuwa na Munyaneza na Mukeshimana. Nilidhani amekosea, nikatoka kumuuliza. Akasema hakukosea, vyeti vyao vitapelekwa kwa wazazi wao.

«Na pale pa alama niandike nini?»

Aliweka kikombe chini. «Andika walihudhuria.»

Niliandika hivyo, kila mmoja kwenye cheti chake. Akatia sahihi vyote kwa mkono wa kushoto. Ilituchukua mchana mzima.

Nilipofika nyumbani nilimpa Mama cheti changu akishike. Unajua hasomi. Alipitisha kidole juu ya karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza namba ile ni ya nini. Nikamwambia hamsini na tatu, katika mia.

«Ni nyingi?»

«Ni nyingi, Mama.»

«Zote umezipata wewe?»

«Zote mimi.»

Akanirudishia, akajifunga kanga kiunoni, akanifukuza jikoni. Alisema mtu aliyetoka shuleni hapiki, akae angoje chakula. Nilikaa, Rutayisire. Nilingoja chakula kama mtoto wa shule, na nilikula maharage yote.

Dada yako,
Verediane